Kanga imechuja au imepauka?

Jana uwani kwetu Temeke watu wamebishana kwenye kamba ya nguo. Jirani kasema kanga yangu ya Kariakoo imechuja. Mama mwenye nyumba akamkatalia: "Hiyo imepauka, mwanangu."

Mimi niko na mama. Kuchuja ni pale rangi inapokimbilia kwenye beseni na kuharibu shuka nyeupe ya watu. Kupauka ni kazi ya jua. Miale yake huivunja rangi taratibu, hata nguo isipofuliwa. Ndiyo maana pindo lililokuwa limekunjwa bado linang'aa, lakini jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, limefifia mpaka unasoma kwa kubahatisha. Anika kivulini, geuza ndani nje.

Kufifia nako kumetapakaa: taa umeme ukiwa mdogo, sauti ya adhana upepo ukigeuka, matumaini ya kulipwa deni (hayo hufifia haraka kweli). Ila msanii aliyepotea redioni mtaani tunasema kachuja. Sijawahi kusikia msanii kapauka. Kupauka tumewaachia wanaotoka bafuni bila kupaka mafuta, miguu myeupe kama wametoka kukanyaga unga.