Kushuka Kipili Usiku

Ratiba ya Liemba, meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika, ilisema inaondoka Kigoma Jumatano saa kumi jioni, wiki moja ndiyo na wiki moja siyo, na inafika Mpulungu, Zambia, Ijumaa asubuhi. Tuliipanda mwanzoni mwa Desemba 2013, shule zilipofungwa: mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, na mama mkwe aliyekuwa anarudi kwake Kipili, mkoani Rukwa, ambako sote tungekula Krismasi. Kwa ratiba hiyo tungeshuka Alhamisi jioni, jua likiwepo. Mume wangu amekulia ziwani. Alinunua tochi na betri za akiba kabla hata hajaenda kukata tiketi.

Tiketi zenyewe zilikuwa na madaraja matatu. La tatu lilikuwa viti na mabenchi, na ukichelewa, sakafu. La pili lilikuwa vyumba vya chini vyenye vitanda vinne na kidirisha cha duara, na joto la mashine lilikufuata hadi kwenye mto. La kwanza lilikuwa juu: vitanda viwili, feni, dirisha linalofunguka. Mwenye mzee na watoto hakujadili sana, alichukua la kwanza, tena mapema, maana vyumba vyake vilikuwa vichache na wafanyabiashara wa Mpulungu walivijua. Tulipata viwili vilivyopakana. Mama mkwe alilala na mabinti, sisi na kijana wetu mdogo. Dirisha la chumba cha juu lilitazama sitaha, na usiku watu walilala pale pale nje, kwa hiyo kila tulipotoka, hata kwa chai tu, tulilifunga.

Kazi kubwa ya siku ya kwanza ni mizigo. Tulifika bandarini saa sita mchana, na hatukuwa wa kwanza. Mzigo mzito, kwetu godoro na gunia la sukari, unaingia stoo ya mbele. Unaobaki na wewe ni ule unaoweza kuubeba kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili una mtoto. Kila mzigo wa stoo uandikwe kwa kalamu ya wino mzito jina la mwenyewe na jina la kituo, pande mbili. Kituo ni muhimu kuliko jina. Mpakuaji anayefanya kazi gizani hasomi jina lako, anatafuta "KIPILI". Halafu mfuko mmoja wa usiku: tochi, kanga, sweta za watoto, chupa ya chai, mkate, karanga, ndizi, dawa, na noti ndogondogo za kuwalipa wenye boti. Wenye boti hawana chenji, na hata wakiwa nayo hawatakuwa na muda wa kuitafuta.

Wakati tunasubiri, binti mkubwa aligundua ribiti, pini za chuma zinazoshikanisha mabati ya meli. Ubavu wote wa meli umejaa vichwa vya chuma, safu baada ya safu, na alitaka kujua kwa nini meli ina vipele. Fundi mmoja wa mashine alimweleza vizuri kuliko mwalimu yeyote. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikaunganishwa, ikafunguliwa tena vipandevipande, ikapakiwa katika masanduku 5,000 na kuletwa Dar es Salaam, kisha ikapanda reli ya kati hadi Kigoma. Mafundi waliokuja nayo wakaipiga ribiti upya hapa hapa, na Februari 1915 ikaingia majini. Julai 1916 Wajerumani walipoona vita vinawaelemea waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini kwanza waliipaka mashine grisi nene, kwa matumaini ya kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta grisi imefanya kazi yake, na Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Mashine za mvuke zilikuja kutolewa miaka ya 1970 na kuwekwa za dizeli. Kiwanda cha Papenburg bado kipo, na siku hizi kinaunda zile meli za anasa zenye mabwawa ya kuogelea juu. Binti aliuliza kama Liemba nayo ina bwawa. Fundi akamwonyesha ziwa.

Tuliondoka saa kumi na mbili kasoro, jambo ambalo kwa Liemba ni kuwahi.

Asiyejua safari hii hudhani muda mrefu unaliwa na mwendo. La hasha, unaliwa na vituo. Vituo vingi kati ya Kigoma na Kasanga, kituo cha mwisho upande wa Tanzania, havikuwa na gati. Meli hupiga honi ikiwa bado mbali, nahodha anatuliza mashine mbele ya kijiji, na maboti ya mbao yanatoka ufukweni kwa mbio, kila moja likitaka kuwahi ubavu wa meli. Lililowahi linafunga kamba kwenye mlango wa ubavuni, la pili linafunga kwa la kwanza, la tatu kwa la pili. Abiria wa boti la nje wanapita juu ya mabegi, kuku na magoti ya wenzao wa boti la ndani. Upande wa mbele kuna kazi nyingine kabisa: magunia yanapangwa kwenye wavu ndani ya boti, winchi ya meli inauinua wavu, unaning'inia, unazunguka kidogo, unashushwa stoo. Kila wavu ni magunia machache tu. Ukitaka kujua utakaa kituoni muda gani, usiangalie abiria, hesabu magunia yaliyorundikwa mchangani. Abiria mia wanapanda kwa nusu saa. Shehena ya dagaa au mahindi ya mfanyabiashara mmoja inaweza kula saa nne.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye kijiji kimoja usiku ule, na ndiyo maana asubuhi tuliamka tukiwa bado mbele ya milima ya Mahale, ambayo kwa ratiba meli ilipaswa kuipita gizani. Kwa maoni yangu huo ndio uchelewaji wenye faida kuliko wote. Mlima Nkungwe, mita 2,462, unainuka karibu moja kwa moja kutoka majini, msitu umeushika hadi juu, na ukungu unakatika vipande unapopigwa na jua. Chini yako ziwa lina kina kinachofika mita 1,470, na maji ni maangavu kiasi kwamba povu la pangaboi linaonekana likizama kabla halijapotea.

Usiku huohuo tulikuwa tumeona taa za wavuvi. Ilikuwa mwanzo wa mwezi, giza totoro, na dagaa huvuliwa gizani: taa inawavuta juu, wavu unawakusanya kwa chini. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika, wakashona nyavu. Anayetaka kuona mstari ule wa taa apange safari kwa kalenda ya mwezi, siyo ya likizo.

Desemba ziwa si baya. Upepo mkali wa kusini huwa Mei hadi Agosti, na huo huinua mawimbi ya kweli, hasa upande wa Kasanga. Msimu wa mvua kinachokuja ni dhoruba fupi: radi, upepo wa ghafla, nusu saa, kwisha. Ilitukuta moja Alhamisi mchana na binti wa pili akaanza kutapika. Chumba kilichofungwa huzidisha kichefuchefu, kwa hiyo tulimtoa, tukamkalisha katikati ya meli ambako inayumba kidogo kuliko mbele na nyuma, akaambiwa atazame mstari wa pwani asiutoe macho. Kitabu kikafichwa. Mama mkwe akampa tangawizi mbichi ya kutafuna na maji kwa funda dogodogo. Vidonge tulikuwa navyo, ila vidonge vya safari vinamezwa kabla, nusu saa au saa nzima; mtoto akishaanza kutapika anakitoa pamoja na maji.

Chakula cha mkahawa wa meli kilikuwa wali au ugali, maharage, kuku au samaki, na chapati asubuhi. Kilikuwa kizuri, ila kilipikwa kwa idadi na wengi waliwahi. Penye vituo maboti yalileta maembe, ndizi na samaki aina ya migebuka wa kukaanga. Tulikula vilivyokaangwa vikiwa vya moto na matunda ya kumenya wenyewe, basi.

Pale Ikola na Karema tukapoteza tena muda mrefu. Karema ina historia yake, Wabelgiji walijenga ngome pale mwaka 1879 na miaka michache baadaye wakawaachia Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, lakini kutoka sitahani ulichokiona ni magunia. Jua lilizama tukiwa bado kaskazini ya Kipili. Mume wangu hakusema neno, aliweka betri kwenye tochi.

Kushuka gizani kuna utaratibu wake. Kwanza, usingoje honi. Ukisikia honi watu wa daraja la tatu wameshajaza korido ya kwenda mlangoni, na wanaopanda nao wanasukuma kuingia kabla wanaoshuka hawajatoka. Tulisogea mapema, mizigo midogo mgongoni, watoto wamevaa maboya. Ya watoto yalikuwa machache melini, kwa hiyo tulikuwa tumeyaomba mchana, tukapima, tukafunga kamba ya katikati ya miguu; boya bila kamba hiyo linapanda hadi usoni mtoto akiingia majini. Pili, mtu mzima mmoja atangulie kwenye boti, mwingine abaki melini hadi wa mwisho. Alitangulia mume wangu.

Mlango ulipofunguliwa taa ya meli ilimulika boti likipanda na kushuka, mara sakafu yake iko usawa wa miguu yetu, mara iko chini kimo cha kiuno. Hapo ndipo watu huvunjika vifundo, kwa kuruka boti likiwa linashuka, au kwa kuacha mkono au mguu kati ya mbao na chuma. Mwenye boti, kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu, alisimama miguu wazi, mkono mmoja kwenye kamba.

"Shikamoo, Bibi. Usiruke. Subiri nikwambie."

"Marahaba. Mwanangu, mimi nilipanda haya kabla hujazaliwa."

"Najua, Bibi. Subiri tu."

Boti likapanda. "Sasa!" Mama mkwe akaweka mguu kama anayevuka kizingiti, wala hakushika bega la mtu. Watoto hawakutembea kabisa: kila mmoja alishikwa kwapani na mhudumu wa meli, akasubirishwa wimbi, akapokelewa na baba yake. Mkubwa alilalamika kwamba yeye si mtoto. Mimi nikafuata na mfuko wa usiku kifuani, siyo mgongoni, maana mgongoni unavutwa na kila anayepita. Nauli ya boti tuliilipa tukishafika mchangani. Anayelipa melini mara nyingi hudaiwa tena.

Mzigo wa stoo ulishushwa boti lingine. Godoro lilikuja likiwa na jina lake pande zote mbili. Gunia la sukari halikuja: maandishi ya upande mmoja yalikuwa yamefutika kwa kusuguana na magunia ya dagaa, na upande wa pili ulikuwa umelaliwa, kwa hiyo likaachwa liendelee kusini. Mume wangu alirudi na boti hadi ubavuni, akampa karani wa mizigo kikaratasi chenye jina, kituo na alama ya gunia, akachukua na jina lake. Jumamosi meli ilipopita ikirudi kutoka Mpulungu, sukari ilishushwa, imelowa upande mmoja na inanuka dagaa. Tuliitumia kwenye chai hadi Krismasi, na watoto walikataa kabisa kuiweka kwenye uji.