Mkandarasi ni mimi

Nilikataa mkandarasi, nikasema nyumba yangu nitaisimamia mwenyewe. Nikajiona mjanja.

Leo jioni nafika saiti, fundi plasta kamaliza sebule nzima. Ukuta umenyooka! Nikamsifu.

Kugeuka, fundi umeme kasimama na mabomba yake ya nyaya mkononi.
"Bosi, mimi napitisha wapi?"

Kimya. Mabomba hayo yalitakiwa kufukiwa ukutani kabla ya plasta.

Aliyepanga ratiba ni mimi. Hata wa kumgombeza sina.

Akagonga patasi mara moja kujaribu. Plasta mbichi ikadondoka miguuni pangu, pwaa. Mpaka sasa naisikia.

Kesho tunachonga ukuta upya.

Mliojisimamia, mabomba ya maji mliyapima presha kabla ya vigae? Nijibuni haraka, fundi vigae anakuja keshokutwa 😩