Dar hadi Kasarani kwa simu mbili

Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri ya Alhamisi, 28 Agosti 2025, kwenda Nairobi kurekodi video za mtandaoni kwenye fainali ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao. Mizigo ilikuwa simu mbili, maiki mbili za kubana kwenye kola na pawabenki mbili za mAh 20,000. Kitambulisho cha habari cha CAF, shirikisho la soka Afrika, hatukuwa nacho. Bila hicho huketi jukwaa la waandishi, na tiketi ya shabiki haikupi ruhusa ya kurekodi mechi ukaitangaza, kwani picha za uwanjani zina wenyewe waliozinunua. YouTube, maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanatosha kukufutia chaneli. Kwa hiyo sisi tulifuata barabara, mageti na watu.

Droni iliachwa nyumbani. Kenya inataka kibali cha mamlaka ya anga, na bila kibali itabaki forodha.

Tulilala Arusha, asubuhi tukafika Namanga, mpakani. Mhuri wa kutoka na wa kuingia hupigwa jengo moja, upande wa Kenya. Humo usipige picha hata ya foleni.

Nairobi, sajili laini kwa pasi ya kusafiria siku moja kabla ya mechi. Siku yenyewe, maelfu wakikusanyika uwanja wa Kasarani, bando unalo lakini video haipandi. Rekodi kwa ubora wa picha wa 1080p, ambao ni karibu MB 60 hadi 130 kwa dakika, kutegemea simu. 4K, ubora wa juu zaidi, kwa kawaida huzidi MB 150 na mtazamaji wa simu haoni tofauti. Tulikata vipande vya sekunde 40, tukavipakia tukiwa mbali na mageti.

Maiki ikae sentimita 15 chini ya kidevu, na manyoya yake ya kuzuia upepo. Shusha kiwango cha sauti kabla vuvuzela haijalia, maana sauti iliyopasuka hairekebishiki baadaye. Mwombe mtu ruhusa, kisha atamke jina lake mwenyewe mbele ya kamera, usije ukalikosea kwenye maandishi.

Getini pana habari ambayo wenye haki za matangazo hawaigusi. Shabiki ana tiketi halali ya kielektroniki, lakini kioo cha simu kimepasuka au mwanga umefifia; msimbo hausomeki, anawekwa pembeni huku foleni ikimsukuma mgongoni. Tuliwaeleza wafuasi wetu waongeze mwanga wa simu kabla ya kufika mbele. Msimbo wenyewe usiuonyeshe kamwe kwenye video. Mtu mwingine ataunakili na kutangulia kuingia.

Mechi ilipoanza tulibaki nje ya ukuta na wasio na tiketi, waliojibana watano watano kwenye simu moja. Kamera tuliielekeza usoni mwao. Kurekodi kioo cha simu ya mtu ni kurekodi matangazo yaleyale. Matangazo ya intaneti huchelewa. Dakika ya 80, Moroko na Madagascar wakiwa 2-2, mlipuko wa sauti uliruka ukuta wakati kwenye simu mpira ulikuwa bado haujapigwa. Wote wakanyamaza, macho kwenye kioo, wakisubiri kujua nani kafunga. Kisha, kwenye kioo, Oussama Lamlioui wa Moroko akafunga kwa shuti la mbali. Kimya hicho ndicho tulichokipakia.