Usiku wa karatasi ya transferi

Mama mkwe alianza kulalamikia tumbo jioni, tukadhani ni maharagwe. Ilipofika saa nne usiku alikuwa akitapika maji ya kijani, na ile ngiri aliyoishi nayo miaka mingi ilikuwa imekaza kama jiwe, hairudi ndani. Ilikuwa 2019. Tulikaa Cimpunda, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, upande ambao gari halifikii. Mume wangu na vijana wa jirani walimkalisha kwenye kiti cha plastiki wakamteremsha kwa zamu kwenye ngazi za udongo, mimi nikimulika kwa simu.

Chini barabarani shemeji yangu alikuwa ameazima gari. Yeye ana kazi ya mshahara, na kadi ya bima ya kampuni binafsi. Akaniambia: "Shemeji, tusipoteze muda, twende kwenye kliniki yetu." Tukaenda. Binti wa mapokezi aliichukua kadi, akatazama kompyuta, akasema walioandikwa ni yeye, mke wake na watoto. Mama hayumo. Basi zitangulizwe dola 300, ndipo daktari aitwe. Shemeji akawa anarudia neno moja tu: "Huyu ni mama yangu mzazi, dada. Ni mama yangu mzazi."

Sheria ya kazi ya 2002 inamdai mwajiri amtibu mfanyakazi wake pamoja na mke na watoto, na bima za makazini zimekatwa kwa kipimo hicho. Sisi tunaojitafutia hatumo kabisa. Mimi nashona nguo soko la Kadutu, mume wangu ni seremala, nani atulipie? CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni ya pensheni, posho za familia na ajali za kazini. Malaria yako haiihusu. Na hospitali ya serikali si ya bure. Unalipa fishi (kadi ya mgonjwa), glovu, sindano, hadi uzi wa kukushona, na ukishindwa unazuiliwa wodini ukiwa umeshapona. Nimewaona akina mama wamejifungua wakakaa hivyo, wakila chakula cha wagonjwa wengine, mtoto akikua pale pale kitandani. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Bima binafsi nilikuwa nimeiulizia. Tangu sheria ya 2015 ivunje ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, kampuni zimeongezeka, lakini wakala niliyemkuta Ibanda aliuliza kwanza nina wafanyakazi wangapi. Bei ya familia aliyonitajia ilizidi thamani ya cherehani zangu zote mbili.

Kwa hiyo, kabla ya usiku ule, tulikuwa tumeingia mutueli ya afya ya mtaani, yaani chama cha kuchangiana gharama za matibabu, dola chache kwa kila mtu kwa mwaka. Mama aliyekuwa akiandikisha alikataa katakata kuandika watoto peke yao: nyumba nzima au basi. Watu walimkasirikia sana. Mimi nasema alikuwa na haki, kwa sababu wakiingia wagonjwa na wajawazito tu, sanduku linakauka kabla ya mwaka kwisha. Na kwa kanuni hiyo hiyo mama mkwe aliandikwa, kwa kuwa alikula chungu kimoja na sisi. Picha yake ilikuwa kwenye kitabu chetu, na kitambaa chake cha kichwa.

Lakini mutueli ina sharti: unaanzia kituo cha afya cha mtaa wako, kinakupa karatasi ya transferi, yaani ya rufaa ya kwenda hospitali. Bila karatasi hiyo, hospitali inakudai wewe. Shemeji alitaka twende hospitali moja kwa moja. Nilimwambia hapana, tunarudi kituoni, na mume wangu akaniunga mkono. Njia nzima hakuna aliyesema kitu, isipokuwa mama akiguna kwenye kila shimo.

Umeme wa SNEL haukuwepo. Muuguzi wa zamu alimpapasa tumbo, akaandika kwa mwanga wa simu yangu, saa na dakika, kisha akachukua muhuri. Kidau cha wino kilikuwa kimekauka. Akaupulizia pumzi, akagandamiza, haukusomeka. Akaupulizia tena, akagandamiza kwa uzito wote wa mkono, likatokea jina la kituo.

Hospitalini walimpasua kabla ya alfajiri, hawakumdai mtu dhamana. Bili ilifika dola 240. Mutueli ililipa, sehemu yetu ikawa 48, na juu yake dawa ambazo hazikuwepo hospitalini tukazinunua nje bila kurudishiwa. Zile 48 zilitoka kwenye likirimba, mchezo wa kuchangishana na kupokea kwa zamu, ya sisi washonaji: zamu haikuwa yangu, wenzangu wakanipisha.

Mwaka uliofuata wenzangu wawili waliandikisha nyumba zao. Wa tatu alikataa, na simlaumu. Alikuwa akikaa mbali na kituo ambacho angelazimika kuanzia, na usiku mtaani kwake watu hawatoki. Mpaka leo nikikutana na watu wa mutueli nawauliza lini watamwekea mtu kama yule kituo cha karibu.