Vunjajungu wangu amesimama tena

Katika wadudu wangu wa kuchezea, nimpendaye zaidi ni vunjajungu wa kijani. Kila nikimweka rafuni, anaanguka: jua la dirishani lilimlegeza, miguu 4 ya nyuma ikapinda. Nikiinyoosha kwa vidole, inarudi kulekule.

Dawa ilikuwa maji ya moto. Plastiki ya PVC hulainika ikipata joto, na ikipoa hushika umbo ililowekwa. Nilichemsha maji, nikaepua, yalipoacha kutokota nikachovya miguu ile tu kwa sekunde 30. Nikainyoosha mmoja mmoja, nikamshikilia vivyo hivyo ndani ya bakuli la maji ya barafu, dakika 2 nzima. Mikono yake yenye miiba kama msumeno, uzuri wake wote, sikuigusa.

Sasa anasimama imara, rafu ya chini, mbali na dirisha.