Kumbukumbu ya mradi: jagi la chai tamu ya Kusini

Mei, joto linaanza

Mradi wa msimu huu ni mmoja tu: nijue kutengeneza chai tamu ya barafu kama wanavyoinywa hapa Georgia, Kusini mwa Marekani, na nielewe kwa nini ile ninayoitia sukari mwenyewe mezani haifanani nayo hata nikizidisha vijiko.

Naishi Marietta, nje kidogo ya Atlanta. Ukiingia mgahawani huku ukaagiza chai, unaletewa glasi kubwa iliyojaa barafu, na swali la mhudumu ni moja: ya sukari au isiyo na sukari? Ukitaka ya moto, sema mwenyewe. Nilipokwenda New York, chai ya barafu ilikuja bila sukari, na pembeni pakiti za sukari. Nikamimina mbili, nikakoroga, punje zikazunguka zikatua chini. Mafunda ya kwanza hayakuwa na ladha, la mwisho lilikuwa sharubati.

Jirani yangu, bibi mmoja mzaliwa wa Macon, mji wa hapahapa Georgia, alikubali nikasimame jikoni kwake nitazame. Anachemsha maji kwenye sufuria ndogo, anazima jiko, anatumbukiza mifuko mikubwa ya chai (ile ya familia, mfuko mmoja kwa takribani lita moja ya chai iliyokamilika), anafunika, anaendelea na shughuli zake. Akirudi anaitoa mifuko bila kuikamua. Hapo alinitazama usoni akasema, "Usiikamue kamwe," kwa sababu ukiikamua unatoa uchungu wote uliobaki ndani. Sukari anaimwaga wakati chai bado inafuka mvuke, na anakoroga huku akisikiliza: mwanzoni kijiko kinakwaruza punje chini ya sufuria, kisha mkwaruzo unapungua, kisha kimya. Kimya hicho ndicho kipimo chake. Baada ya hapo chai ile nzito inaingia kwenye jagi la galoni, yaani karibu lita 3.8, linajazwa maji baridi, basi.

Nilichoondoka nacho siku ile ni kwamba kikombe cha chai ya kawaida kinaongezwa sukari na mnywaji, mmoja mmoja, kila mtu na vijiko vyake. Chai ya Kusini inaamuliwa na mpishi, jagi zima kwa mara moja, na mgeni anapokea utamu wa nyumba aliyoingia.

Juni mwanzoni

Nimeanzia kwenye historia, maana nilitaka kunywa ile ya kale kabla ya kuigusa ya leo. Maelezo ya kale zaidi yanayojulikana kuchapishwa ya chai tamu ya barafu yamo katika kitabu cha mapishi cha Marion Cabell Tyree wa Virginia, cha mwaka 1879. Yana mambo mawili yaliyonishangaza. Kwanza, majani ni ya chai ya kijani. Pili, sukari haichanganywi na chai ikiwa moto: chai inalowekwa tangu asubuhi, inachujwa, inaachwa itulie, kisha glasi zinajazwa barafu, vijiko viwili vya sukari kila moja, na chai inamiminwa juu, pamoja na kamulio la limau. Kwa hiyo mtindo wa sukari ndani ya sufuria, ambao leo watu wa hapa wanauapia, haukuwemo katika maelezo hayo ya kwanza.

Niliifuata hatua kwa hatua. Ni kinywaji chepesi, kina harufu ya majani mabichi, na limau linakikaa vizuri. Lakini sukari ililala chini vilevile kama kule New York.

Tukumbuke pia enzi zenyewe. Kabla ya mashine za kugandisha maji kuenea, barafu ya miji kama Charleston na Savannah ililetwa kwa meli kutoka kwenye maziwa yaliyoganda ya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ikiwa imekatwa wakati wa baridi na kufunikwa vumbi la mbao. Frederic Tudor wa Boston alitajirikia biashara hiyo. Chai ilitoka ng'ambo, sukari nayo ilikuwa na bei yake. Kumkaribisha mtu kwa glasi ya namna hiyo kulikuwa kuonyesha uwezo. Chai nyeusi ilikuja kutawala baadaye, hasa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokata njia za chai ya kijani kutoka China na Japani, Wamarekani wakageukia ya India.

Juni, jaribio la sukari

Huku wengi watakwambia kwamba chai baridi haiwezi kuyeyusha sukari. Nimeipima, na si kweli. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 inaweza kubeba karibu kilo mbili za sukari, na hakuna chai duniani inayofika huko. Kinachokosekana kwenye baridi ni kasi. Punje inayeyuka polepole mno, inazama kabla ya kwisha, na mnywaji hana subira ya kukoroga.

Nilitengeneza majagi mawili yenye majani yaleyale na sukari ileile. La kwanza nilitia sukari chai ikiwa moto. La pili nilitia ikiwa imeshapoa kwenye friji, nikakoroga mpaka mkono ukachoka na chini pakawa peupe. Mke wangu alionja yote mawili bila kujua lipi ni lipi, hakuona tofauti. Mimi pia sikuiona. Basi moto ni njia ya uhakika ya kufanya sukari ienee sawasawa kwenye jagi zima, na hilo peke yake linatosha kutenganisha glasi ya Georgia na ile ya pakiti mbili.

Sababu ya pili ni ulimi wenyewe. Kitu baridi huonekana kina utamu mdogo kuliko kilivyo. Onja soda iliyopata joto mezani utaelewa. Chai ya barafu inayoonekana tamu kiasi tu ina sukari ambayo ingekushinda ikiwa moto. Ongeza barafu inayoyeyuka na kuizimua kila dakika: ndiyo maana inaanzia nzito, kwa majani na kwa sukari.

Nilimpigia mama Tanga kumweleza. Baada ya shikamoo na habari za wote, akaniuliza, "Sasa mwanangu, si ndivyo tunavyopika chai ya rangi? Sukari inaingia jikoni." Ni kweli. Kwetu mgeni hakuulizwa vijiko vingapi. Chai ilitoka kwenye sufuria ikiwa na utamu wake, ikaingia kwenye chupa. Nadhani hiyo ndiyo sababu nilipoinywa hii ya Georgia mara ya kwanza sikuishangaa.

Julai, ukungu

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo nimekaa muda mrefu zaidi.

Nilileta majani ya Kericho, yale ya punje ndogo, kutoka duka la Wakenya. Kwa chai ya maziwa sina ninachokilinganisha nayo. Ikiwa moto ilikuwa nyekundu safi. Nikaiweka kwenye friji jioni, asubuhi nikakuta jagi limefifia, rangi ya maji ya udongo, mwanga haupiti. Haikuwa imeharibika. Ukiipasha, ukungu unaondoka mbele ya macho yako, ikipoa unarudi.

Kinachotokea ni hiki: kafeini na zile chembe zinazoipa chai nyeusi rangi na ukali hushikamana joto likishuka, zikawa vipande vidogo vinavyozuia mwanga. Chai yenye nguvu kama ya Kenya ina chembe hizo kwa wingi, kwa hiyo hufifia zaidi. Maji yenye chokaa nyingi huzidisha. Sasa naelewa kwa nini mifuko mingi ya chai ya barafu inayouzwa Marekani hutumia majani ya Argentina, ambayo kwenye kikombe cha moto ni ya kawaida sana: yanabaki angavu yakipoa.

Dawa nilizojaribu zikafaa: kuiacha chai ipoe mezani kwanza kabla ya friji, kuloweka kwa dakika chache badala ya kuisahau, na kutia bekingi soda kidogo, chini ya robo ya kijiko cha chai kwa galoni. Bibi jirani huitia siku zote. Soda hiyo hupunguza asidi, uchungu wa tanini, zile chembe za ukali, unalainika na rangi inaiva. Ukizidisha tu, inaonja kama sabuni. Na magadi ya maharage yasitumike mahali pake, ni makali mno.

Julai mwishoni, vipimo

Maelezo mengi ya huku yanataka kikombe kimoja hadi viwili vya sukari kwa galoni, yaani gramu 200 hadi 400. Nimepiga hesabu. Kwa 400, kila lita ina gramu 105 hivi, na Coca-Cola ina takribani 110. Kwa 300, glasi ya mililita 240 ina gramu 19, karibu vijiko vitano vya chai. Chama cha moyo cha Marekani kinashauri sukari ya kuongeza isizidi gramu 25 kwa siku kwa mwanamke na 36 kwa mwanamume. Nyumbani kwetu tuna historia ya kisukari, kwa hiyo sikuweza kulipita hili.

Nimeshusha hadi 200. Kinachonisaidia kushuka ni ile bekingi soda na mifuko isiyokamuliwa: uchungu ukipungua, sukari ya kuufunika haihitajiki nyingi. Chini ya 150 inageuka kinywaji kingine, kizuri kwa namna yake, lakini bibi wa Macon aliionja akaniambia kwa upole kwamba hiyo ni ya wageni wa kaskazini.

Jagi la sasa: lita moja ya maji yaliyochemka, mifuko minne ya familia, bekingi soda ya ncha ya kijiko, dakika saba. Toa mifuko, sukari gramu 200, koroga mpaka kimya. Maji baridi hadi galoni, ipoe mezani, kisha friji. Inywewe ndani ya siku mbili tatu. Limau kwa anayetaka, nanaa kwa mke wangu.

Kinachofuata ni majani yanayolimwa Kusini kwenyewe. Kisiwa cha Wadmalaw, karibu na Charleston, kina shamba la chai, na huko South Carolina chai inayolimwa jimboni ndiyo kinywaji rasmi cha ukarimu tangu 1995. Nimeshaagiza. Yakifika nitayapitisha kwenye friji usiku mzima kwanza, sukari baadaye.