Nilivyokaribia kuandika "hakuna samaki" kwenye mto wenye trauti

Watu wa nyumbani wananiulizaga ile kazi yangu ya kiangazi huku Pennsylvania ilikuwa ya nini hasa, na nikisema tulikuwa tunazunguka milimani kutafuta mito inayozaa trauti mtu ananyamaza kidogo halafu anabadilisha stori. Mzee wangu ndiye alinimaliza. Nilimpigia simu nikamwambia Baba, leo tumepiga samaki stimu, tukawapima, tukawarudisha majini. Akanyamaza. Kisha: "Wewe kijana, samaki umemshika mkononi, ukamrudisha, na kuna mtu anakulipa?" Sasa acha nieleze vizuri mara moja.

Mimi nimekulia upande wa Nyeri, kwa hivyo trauti sikuanza kumsikia Marekani. Kwetu ni yule samaki wa mito baridi inayoshuka kutoka Aberdare, ambaye watoto wote tunajua aliletwa na wazungu, inasemekana Ewart Grogan ndiye aliwamwaga kwa mto Gura 1905. Nikaenda kazini nikijua najua. Kumbe huku mambo ni tofauti kabisa, kuna bruk trauti ambaye ndiye mwenyeji wa hii milima tangu zamani na ndiye samaki rasmi wa jimbo, kuna brauni aliyetoka Ulaya miaka ya 1880, na reinbo aliyeletwa kutoka magharibi ya Marekani. Juu ya hao wote, kila mwaka jimbo linafuga trauti zaidi ya milioni 3 na kuwamwaga mitoni ili watu wavue. Hapo ndipo shida inaanza. Kuona trauti ndani ya mto hakukuambii kitu, pengine ameshushwa na lori wiki jana. Swali tulilotumwa kujibu ni moja tu: huu mto unazaa wenyewe au unaletewa?

Na si swali la wavuvi peke yao bana. Mto ukithibitishwa kuwa trauti wanazaliana humo unaingizwa kwenye orodha ya Tume ya Samaki na Boti ya Pennsylvania, na ukishaingia, vinamasi vilivyo kando yake vinalindwa kwa daraja la juu kabisa, kwa hivyo mtu akitaka kupitisha bomba la gesi au kujenga mtaa hapo masharti yanakuwa makali zaidi. Ukipanda hadi Daraja A, yaani uzito wa trauti waliozaliwa humo ni mkubwa ukilinganisha na eneo la mto, ndio kabisa, maji yenyewe yanaombewa hadhi ya ubora wa juu. Sasa jimbo lina vijito maelfu kwa maelfu, vingi havijawahi kuingiwa na mtu mwenye kipimo, ndio maana 2010 Tume ilianzisha mpango wa kushirikiana na vyuo na vikundi vya watu wa trauti wavipitie kimoja kimoja. Chuo chetu kilikuwa kwa huo mpango, na mimi nilikuwa natafuta kibarua cha likizo. Ndio hivyo nikapata.

Mashine yenyewe ya kupiga samaki stimu unaibeba mgongoni kama ile ya kupulizia kahawa dawa, tofauti ni kwamba hii ndani kuna betri. Mkononi una fimbo ndefu yenye pete ya chuma mbele, nyuma unaburuta waya kama mkia, na stimu inapita majini kati ya pete na mkia. Samaki akiwa karibu misuli inamkaza, anavutwa kuelekea kwenye pete, mwenzako anamkomba na wavu wa mpini anamtia kwa ndoo. Kwa fimbo kuna swichi, ukiiachilia tu stimu inakata, ndio ukiteleza usijipige. Unavaa suruali ya mpira inayofika kifuani na glavu za mpira, na mnatembea kupanda mto, si kushuka, kwa sababu mkishuka tope mnalochafua linawatangulia na hamwoni kitu. Inalia pii pii pii siku nzima hadi usiku ukilala unaisikia.

Wiki ya kwanza tulifanya kwenye bonde la mawe ya chokaa. Maji ya hapo yana chumvi chumvi nyingi, stimu inapita vizuri, samaki wanatoka kila mahali. Nikaona hii kazi ni rahisi. Nikashika brauni wa sentimita 28, mnene, nikapiga kelele kama nimeokota pesa. Mzee wa timu, jamaa aliyefanya hii kazi miaka mingi kuliko umri wangu, akamgeuza na kuangalia mapezi tu. Yale ya kifuani yalikuwa yamelika, mafupi, ncha zimekuwa butu. Hiyo ni ya kusugua saruji kwa birika la kufugia. Akasema huyu amekula chakula cha mfuko, andika ni wa kupandikizwa. Wa mtoni mapezi yake yamenyooka kama feni, na kama ni bruk ukingo wa pezi la chini una mstari mweupe kabisa, halafu mweusi, halafu rangi ya machungwa, unaweza kudhani mtu amechora na kalamu. Tangu siku hiyo kabla sijafurahi naangalia mapezi kwanza.

Wiki ya pili tukapanda mlimani. Kijito hakina jina, kwa ramani ni laini tu ya bluu inayoingia mto mkubwa, upana hatua mbili tatu, miti ya hemloki imefunika juu hadi mchana ni kama magharibi. Tukapima joto la maji, nyuzi 15, na ni Julai. Safi sana, maana bruk anaanza kuteseka ukipita 20. pH, kile kipimo cha asidi ambacho kikishuka ujue asidi imezidi, 6.2, si mbaya. Wiki ile ile tulikuwa tumepita mto mwingine mzuri ajabu, maji kama kioo, ukiangalia unataka kuyanywa, tukapima pH tukapata 4.6, hamna hata chura. Na ile inayotoka kwenye machimbo ya zamani ya makaa huhitaji hata kupima, mawe yote yamekuwa rangi ya machungwa kwa kutu ya chuma. Kwa hivyo hiki cha 6.2 tulikipenda.

Nikavaa mashine, tukaanza. Mita 100. Pii pii pii. Chini ya mizizi, nyuma ya mawe, kwenye vidimbwi, hakuna. Si trauti tu, hakuna samaki wa aina yoyote. Tukafika mwisho, nikatoa fomu nikaandika sifuri kubwa, na saa, saa saba na dakika arobaini mchana. Nilikuwa na njaa, nitasema ukweli, nilikuwa tayari kurudi kwa gari.

Mzee wa timu hakusema kitu. Akainama, akageuza jiwe moja, akanionyesha chini yake. Wadudu wa majini wametapakaa, wale bapa wenye mikia, na ni wale ambao maji yakiharibika ndio hufa wa kwanza. Akauliza, chakula kiko, baridi iko, asidi si nyingi, sasa mlaji ameenda wapi? Halafu akanizungusha akasoma mashine mgongoni mwangu. Volti 200 na kidogo. Ni ile ile tuliyoiweka bondeni wiki iliyopita, mimi ndiye nilikuwa na kazi ya kuirekebisha asubuhi na sikuigusa.

Na hii ndio sehemu ningependa mtu angeniambia mapema. Maji ya mlimani yanapita kwa mawe ya mchanga, hayaokoti chumvi, ni masafi mno, na maji masafi mno hayapitishi stimu vizuri. Kile kipimo cha maji kupitisha stimu kilisoma 22, bondeni kilisoma 400 na zaidi. Kwa hivyo mashine inalia vizuri, wewe unajiona unafanya kazi, lakini samaki hata hasikii, anakuona tu miguu anajificha. Ingeenda hivyo kijito kingewekwa kwa faili kama kitupu na labda hakuna mtu angerudi pale miaka kumi.

Tukakaa tukala, saa nzima, ili samaki watulie. Akapandisha volti kupita 700. Tukaanza tena.

Wa kwanza alitoka chini ya mzizi wa hemloki na karibu nimkose, nilidhani ni jani. Nikamweka kwenye kiganja kilicholowa, ukimshika na mkono mkavu unamvua ute wake. Milimita 58. Mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho, ubavuni madoa kama alama za vidole zimepangwa foleni, mdomo unafunguka na kufunga. Mzee akatabasamu kuliko nilivyomwona akitabasamu kwa yule brauni wa sentimita 28. Kwa sababu bruk anataga majira ya majani kudondoka, kwenye changarawe, mayai yanakaa baridi yote na watoto wanatoka masika, kwa hivyo Julai mtoto wa mwaka huo anakuwa saizi hiyo hiyo. Hakuna mtu anayepandikiza samaki wa milimita 58 kwenye kijito kisicho na barabara wala jina. Huyu kazaliwa pale.

Tulipata 19 siku hiyo. Ukiwapanga kwa urefu unaona wenyewe wanajigawa, kundi la milimita 50 hadi 70, halafu pengo, halafu kundi la 100 hadi 130 ambao ni wa mwaka jana, na wakubwa wawili wa 170 na ushee. Vizazi zaidi ya kimoja. Hiyo ilitosha kupeleka jina kwenye orodha, au tuseme kupeleka namba, maana jina hakuna.

Daraja ni hesabu nyingine na tulirudi kiangazi kilichofuata. Safari hii mita 300, upana unapimwa kila baada ya mita 25, wastani ukatoka mita 2.4, hiyo ni mita za mraba 720, yaani hekta 0.072. Ukitaka Daraja A kwa bruk unahitaji kilo 30 kwa hekta, kwa hivyo kwa kipande chetu tulihitaji kilo 2.16 za samaki. Mnapita mara mbili, wa raundi ya kwanza mnawaweka pembeni, na kwa jinsi idadi inavyoshuka raundi ya pili unakadiria wangapi wako jumla. Tukapata 41 halafu 12, waliozidi sentimita 10, hesabu ikatoa 58. Wastani wa gramu 29 kila mmoja. Ukiongeza wale wadogo, ambao tulihesabu kando kwa sababu wavu unawakosa sana, inafika kama kilo 1.73. Gawanya, kilo 24 kwa hekta. Daraja B.

Niliumia, sitadanganya, nikarudia ile hesabu mara tatu kwa gari nikitumaini nimekosea. Mzee wa timu akasema kile kijito hakijui kama ni B. Kwenye orodha ya mito inayozaa kimo, hiyo haiangalii kilo.

Baba bado anauliza kama hata mmoja sikuonja. Na ile fomu ya kwanza iko kwa faili mpaka leo, kwa sababu hatufuti, tunakata mstari mmoja ili kilichoandikwa kisomeke, kwa hivyo sifuri yangu ya saa saba na dakika arobaini iko pale, imekatwa, na herufi za jina langu kando yake.